Majibu Matatu ya Bwana Amour

Kila Ijumaa baada ya alasiri, mwaka ule wa 1995, nyumba moja ya Mkunazini ilikuwa ikitoa sauti ambazo nyumba nyingine za Mji Mkongwe hazitoi: magita ya umeme, ngoma za Kizungu, na mwanamme anayeimba kama aliyekanyagwa kidole. Majirani walishazoea. Walijua kuwa huko ghorofani yuko Bwana Amour na jamaa zake wanasikiliza roki, na kwamba magharibi ikikaribia watanyamaza wenyewe.

Amour alikuwa na miaka hamsini na tisa. Ukoo wao ulipata kuwa na mashamba ya mikarafuu. Mashamba yalikwenda, na yeye akafanya kazi ya mitambo ya maji, miaka ishirini na mbili kando ya mapampu yanayonguruma tangu asubuhi mpaka jioni, hata akastaafu. Kilichobaki mikononi mwake ni nusu ya nyumba ya urithi, pleya, spika mbili kubwa za mbao, na santuri sitini na nne alizoletewa na marehemu kaka yake, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo. Kaka alikuwa akizinunua huko Ulaya, anazifunga ndani ya mashuka, na Amour akizipiga kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa, miaka ile ambayo suruali pana na nywele ndefu zilikuwa zikimtia mtu mashakani. Alizipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokificha kwa hofu kikasalimika.

Pamoja na santuri alibakiwa na sifa. Watu walisema Amour ana sikio. Ukinunua redio, mpelekee aisikilize kwanza. Kaseti ikiwa imerikodiwa vibaya, yeye ndiye atakayekwambia. Mtu aliyewahi kuwa na mengi na sasa hana hukishika kwa nguvu kile kimoja anachosifiwa, na Amour alikishika hasa.

Waliokuja Ijumaa walikuwa watatu. Hasan alikuwa mwalimu wa jiografia, rafiki yake tangu madrasa. Bakar alikuwa fundi wa redio wa Mlandege. Wa tatu alikuwa Pandu, mtu wa Matemwe, mpishi katika hoteli ndogo ya wageni huko huko kwao, ambaye miaka minne nyuma alimletea Bakar redio kutengeneza, akasikia habari ya santuri za roki, akaomba aletwe. Tangu hapo, Ijumaa zake za mapumziko alikuja mjini kwa ajili hiyo tu. Hakuwa msemaji. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na wimbo ukimfurahisha alisema, "Huu mzuri," basi.

Amour ndiye aliyekuwa akisema. Roki ya kweli, kwa maneno yake, ni ya santuri. Gita la santuri lina nyama, la kaseti lina mifupa mitupu. Hata kule kuinuka katikati ya albamu kwenda kugeuza upande wa pili alikusifu. Mtu anapumzika, anakunywa kahawa, analisoma jalada, anajua upande mmoja umekwisha na bado ana mwingine.

Mwezi wa Julai Mjerumani mmoja aliyekaa hotelini kwa akina Pandu alipoondoka alimwachia zawadi: kijipleya cha CD cha kushika mkononi, na CD tisa. Mojawapo ilikuwa albamu ambayo Amour naye alikuwa nayo kwa santuri, ile yenye picha ya mnara wa taa juu ya jalada. Pandu akaisikiliza wiki tatu nzima, kila alipopata mapumziko ya mchana, kisha Ijumaa moja akaileta Mkunazini, ameifunga ndani ya aproni yake ya jikoni isipate kukwaruzika.

Alisubiri mpaka kahawa ikamiminwa. Ndipo aliposema, "Bwana Amour, kwenye hii, kabla wimbo wa kwanza haujaanza, mwimbaji anavuta pumzi. Nimemsikia. Kwenye santuri sijapata kumsikia."

Alisema kama mtu anayeleta salamu za jamaa. Amour akamjibu kuwa hakuna pumzi hapo. Albamu ile anaijua kwa miaka ishirini. Pandu akasema kwa upole kwamba huenda hata kwenye santuri ipo, ila imefunikwa. Hasan naye, bila ya kukusudia ubaya, akasema kitu kingine alichokisikia kuhusu CD ni kuwa haigeuzwi, inakwenda saa nzima mtu amekaa zake, wala sindano hailiki, wala vumbi na unyevu wa mji huu hauishughulishi sana. Bakar akaongeza kuwa huko Dar maduka yameanza kujaa CD, na santuri hazipatikani tena.

Amour alisikia kama wanamhamisha nyumbani kwake. Akaanza kusema kuwa CD ni kitu kilichokufa, muziki uliofuliwa kwa dawa mpaka rangi imetoka, joto lote la gita limekwenda na maji. Mpaka hapo lilikuwa jambo la mabishano, na mabishano hayana aibu. Lakini alimwona Pandu bado amekishika kile kijipleya kwa mikono miwili, hana dalili ya kusadiki, akaongeza neno ambalo halikuhitajika.

"Na wewe, Pandu, usinifunze mimi kusikiliza. Sikio lako limelelewa na mwani. Litajuaje gita?"

Bakar akacheka kidogo, kicheko kilichomponyoka tu. Pandu naye alitabasamu. Aliitazama CD mkononi mwake, akairudisha taratibu ndani ya kibweta chake. Kila mtu pale alijua kuwa mke wa Pandu ni mkulima wa mwani.

Bakar ndiye aliyetaka kulizima jambo. Akasema yeye fundi, atatengeneza waya na swichi, Ijumaa ijayo santuri na CD zote mbili zitoke kwenye spika zile zile. Amour atazame dirishani, aseme lipi ni lipi. Mambo yaishe kwa kucheka.

Ijumaa ya pili wakafanya hivyo. Wakakubaliana kuwa wote wageuze nyuso, asije mtu akamkonyeza Amour, na Pandu peke yake akae penye swichi, maana ndiye ajuaye kukiendesha kile kijipleya. Amour alisema hana wasiwasi naye, Pandu hata uongo hajui kuusema. Akakaa akilitazama dirisha, mikono magotini.

Wimbo ukapigwa mara ya kwanza. Amour akasikiliza. Ngoma zilikuwepo, gita zito lilikuwepo, mwimbaji yupo. Akangojea lile joto alilolisifia miaka yote limwambie lenyewe, halikumwambia kitu. Akasema, "Santuri."

"Umepata," Pandu alisema nyuma yake.

Mara ya pili alisikia mambo yale yale, akasema, "CD." Hasan akakohoa.

"Umepata."

Mara ya tatu akasema, "Santuri," kwa sauti ya mtu asiyekuwa na shaka, kwa kuwa sasa alishaamini kwamba sikio lake linajua hata pale asipojua yeye. Pandu akasema tena, "Umepata."

Amour akageuka na uso wa Idi. Akawauliza wanaona? Akamwambia Pandu akirudishe kile kidude kwa Wazungu wake. Hasan akajimiminia kahawa, na Bakar akaichomoa swichi yake. Pandu akakunja waya, akashukuru kwa kahawa, akaaga kabla ya upande wa pili. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Amour akasema mtu akishindwa hununa, ndiyo tabia ya watu.

Kisa kile alikisimulia kwa wiki sita. Alikisimulia kwa kinyozi, alikisimulia barazani penye kahawa, na katika harusi moja ya Kikwajuni alikisimulia mbele ya watu kumi na tano, majibu matatu, yote matatu sawa, na mpishi wa Matemwe akaondoka kichwa chini. Hasan alikuwepo harusini. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

Mwishoni mwa Septemba binti yake Amour, Basma, alikuja kutoka Dar na mtoto wake mchanga. Alikuwa amekua na santuri zile, na siku ya pili asubuhi akamwomba baba yake ampigie ile ya mnara wa taa, aliyokuwa akiipenda udogoni. Amour alifurahi. Akaitoa ndani ya jalada, akaipangusa, akateremsha sindano.

Basma alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Maskini, santuri hii imechoka, Baba."

"Imechoka vipi?"

"Si inatatarika hii? Kama mafuta ya bajia. Tangu mwanzo."

Amour alidhani anamtania. Akasogea kwenye spika, akainama mpaka shavu likagusa kitambaa chake. Ngoma zilikuwepo. Gita zito lilikuwepo. Baina yao hapakuwa na kitu. Akamwita mkewe, Shariffa, aliyekuwa ukumbini na mtoto begani.

"Shariffa, hii inatatarika?"

Shariffa alimtazama Basma kwanza, kisha akamtazama yeye. "Mwaka wa tatu sasa, Baba Basma," alisema. "Na mimi mlango naugonga mpaka mkono unauma, wewe husikii. Nikasema labda mwenyewe unajua."

Basma akaondoa sindano. Amour akabaki amesimama, mkono juu ya spika. Lililompanda halikuwa huzuni ya masikio, hiyo ilikuja baadaye. Aliikumbuka Ijumaa ya swichi. Santuri iliyopigwa ilikuwa hii hii. Ikiwa inatatarika hata aliye ukumbini anasikia, basi Hasan alisikia, na Bakar, fundi wa redio, alisikia. Hapakuwa na haja ya mtu kuiona swichi. Kila santuri ilipolia, chumba kizima kilijua ni santuri, isipokuwa mwenye sikio.

Hakungoja hata chai. Alimkuta Hasan kwake anasahihisha madaftari, na Hasan alipouona uso wake akayaweka kando.

"Nilikosa mara ngapi?" Amour akauliza.

Hasan akasema mambo yale yameshapita, ya nini kuyafukua. Amour akarudia swali.

"Ya kwanza ulipata," Hasan akasema.

"Na zile mbili?"

Hasan akatikisa kichwa.

"Na nyinyi mkanyamaza. Nikakisimulia Kikwajuni, harusini, nawe umekaa."

"Tulikuwa nyumbani kwako, Amour. Yeye uliyemtukana ndiye aliyesema umepata. Sisi tuseme nini?"

Amour alirudi kwake kwa njia ndefu ili asipite barazani penye kahawa. Njiani aliwahesabu aliowasimulia, akafika thelathini na zaidi, akaacha. Alijaribu kulikumbuka jina la kila mmoja, na kila jina lilikuja na uso, na kila uso ulikuwa ukicheka alipofika pale pa mpishi wa Matemwe. Siku nne hakutoka isipokuwa kusali, na msikitini alikaa safu ya nyuma. Shariffa alimwambia waende kwa daktari wa masikio. Alikubali kwenda, lakini si kabla ya safari nyingine.

Alhamisi akaenda Matemwe. Aliulizauliza mpaka akaonyeshwa nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti, na nje yake mwani umetandazwa juu ya majani ya mnazi. Barazani alikaa kikongwe anasuka ukili wa mikeka, mama yake Pandu, na pembeni mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga imelowa mpaka magotini, ndiyo kwanza ametoka pwani. Amour akapiga hodi, akajitaja jina. Alikuwa amejiandaa kwa uso wa kununa. Mwanamke alisimama upesi, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee wangu. Kumbe ndiye wewe. Karibu, karibu sana. Pandu yuko kazini, alasiri atakuwa hapa. Mimi Mwatum, mkewe."

Wakamtandikia mkeka mpya. Mwatum akaingia jikoni, akatoka na wali na samaki wa kuchoma, na Amour aliposema asijisumbue akaambiwa si sumbuko, wageni kama yeye hawaji kila siku. Kikongwe naye akamsogezea maji ya kunawa. Amour akala tonge la kwanza, na la pili.

"Pandu alinambia," Mwatum akasema, amekaa kwa heshima mbali kidogo. "Alinambia ulimsifu mbele ya watu wa mjini. Ukasema ana sikio zuri. Alirudi siku ile kimya kabisa, nikamuuliza kuna nini, akasema amefurahi mpaka hana la kusema. Nikamwambia alhamdulillahi, maana huku anachekwa na miziki yake hiyo. Mungu akulipe, mzee wangu."

Tonge la tatu lilibaki mkononi mwa Amour. Kikongwe akamtazama, akamuuliza samaki ana chumvi? Amour akasema hapana, mtamu. Akala. Alikula sahani yote, kwani hakujua afanye nini kingine, na Mwatum akamwongeza. Safari nzima alikuwa amejipangia maneno ya kumtaka Pandu radhi mbele ya mkewe, ili mtu aliyefedheheshwa hadharani asafishwe hadharani. Sasa aliona kuwa akifungua kinywa atamvua nguo Pandu ndani ya nyumba yake.

Pandu alipotokea, bado na harufu ya vitunguu vya hotelini, alisimama ghafla uani. Macho yake yalikwenda kwa mkewe kwanza, kuona limesemwa nini. Amour aliona, akawahi.

"Nimekuja kukujulia hali tu, Pandu. Siku nyingi hatukuonana."

Kwa hivyo naye akawa ameingia ndani ya uongo ule, akaketi ndani yake, akanywa chai.

Wakati wa kurudi Pandu alimsindikiza mpaka barabarani.

"Nshajua," Amour akasema. "Yote. Nimekuja kukutaka radhi. Kwa lile neno la mwani, na kwa nilivyokutangaza mjini baada yake."

"Nshakusamehe, Bwana Amour."

"Lini?"

Pandu akapunguza mwendo. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Kweli bado," akasema. "Nimesema kwa mdomo tu. Lakini itakuja, inshallah."

Amour akaitikia kwa kichwa. Jibu lile lilimchoma, na hata hivyo alilishukuru, lilikuwa la kwanza lisilomficha kitu. Akauliza kwa nini alimsitiri.

"Sikukusitiri wewe. Nilitaka niondoke. Ningesema umekosa ingenibidi nikae pale nikutazame uso."

"Na mkeo?"

"Mke wangu yuko majini kila bamvua, maji yakikupwa mbali, anafunga mwani mpaka mgongo haunyooki. Nije nimwambie kazi yake imetajwa Mkunazini, nimetukanwa kwayo mimi, na watu wakacheka?" Pandu akasimama. "Usimwambie. Hilo ndilo nnalokuomba."

Amour akaahidi. Akatamani kuuliza kama ile pumzi ya mwimbaji ipo kweli, lakini hakuwa na uso wa kuuliza. Pandu hakumwambia arudi na kukisikiliza kijipleya, wala Amour hakumwambia karibu tena Ijumaa. Gari likaja.

Ijumaa ya pili yake Hasan na Bakar walikuja kama kawaida. Amour hakupiga santuri. Alianza kusema kuwa daktari amempima, sauti zote nyembamba zimekufa masikioni mwake, huenda tangu zamani, kwenye mapampu. Bakar, mtu mwema, akadakia kuwa hata yeye siku hizi hasikii vizuri, na spika zenyewe zimezeeka, na ile swichi aliitengeneza kwa haraka.

"Usinifunike, Bakar," Amour akasema. "Nimefunikwa vya kutosha. Niache niseme."

Akasema yote, na neno la mwani akalitamka tena kama lilivyokuwa, kwani alihofia akilipunguza atakuwa anajihurumia. Hayakutoka vizuri. Mahali pengine alirudia, mahali pengine alianza upya. Alipomaliza alikuwa akiyatazama magoti yake, na Hasan akasema kwamba kahawa inapoa. Barazani na kwa kinyozi alikwenda siku zilizofuata, akasema huko pia, kwa kifupi zaidi. Wengine walicheka, wakadhani ni kisa kipya. Wa harusini hakuwapata wote.

Pandu hakuja mwaka ule. Salamu alileta, kwa Bakar.

Lakini kila baada ya wiki kadhaa, gari la Matemwe lilileta kifurushi cha pweza mkavu, kimefungwa vizuri kwa ukindu, na mletaji akisema kimetoka kwa Mwatum, kwa Bwana Amour, mwalimu wa Pandu wa muziki. Shariffa alimloweka pweza, akamtwanga, akampika kwa nazi na ndimu, akashangaa ukarimu wa watu wa shamba, na kila mara akamuuliza mumewe huyu Mwatum alimfanyia wema gani. Amour akasema ni mke wa rafiki yake. Kisha akavuta sahani, akala mpaka akamaliza.